Mheshimiwa Anakuja Kanisani na Bahasha, Sisi Vijana Tufanyeje?

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi ni katibu wa vijana, KAYO, kwa kanisa letu la Anglikana huku Bonde la Ufa. Jumapili ya mwisho wa mwezi tuko na harambee ya vyombo vya muziki na kumalizia ukumbi, halafu juzi tukasikia tu kwa matangazo kwamba mgeni wa heshima ni mbunge. Vijana wamegawanyika. Kuna wale wanasema akipewa maiki wanaanza kelele za wantam, yaani Rais awe wa muhula mmoja tu, palepale, kuna wale wanataka tutoke nje kimyakimya, na kuna wale wanasema pesa ni pesa, kiboodi haina chama. Wazee nao wametuambia tusiingize siasa kanisani. Mimi ndiye nimeambiwa niandike msimamo wa vijana na sijui niandike nini. Tufanyeje? Na je naweza kuandika hiyo barua kwa jina langu?

JIBU: Dada yangu katibu, asante kwa kuuliza mapema, manake barua nyingi za aina hii hunifikia Jumatatu, video ishazunguka WhatsApp nchi nzima na kasisi hasalimiani na vijana. Wewe bado uko na siku. Jibu langu kwa ufupi ni hili: pesa ya mheshimiwa ikija kama sadaka ya muumini mwingine yeyote ipokeeni, lakini maiki asipewe, na hilo mlimalize kwenye kamati kabla ya Jumapili, msingoje ibada ianze ndio mbishane naye. Sasa wacha nieleze kwa nini, ni maneno marefu kidogo, uvumilie.

Nianze na wazee, kwa heshima zote. Wakisema vijana wasiingize siasa kanisani waulize taratibu tu, ni nani amemwalika mbunge? Si nyinyi. Siasa ishaingia, tena imetangazwa na kuwekewa kiti cha mbele. Na wazee wenyewe wanajua hili kanisa lao limetoka wapi. Waulize mwaka 1988 wakati wa kura ya mlolongo, watu wanapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea na mwenye foleni fupi anatangazwa mshindi, ni nani alisimama akasema huu ni wizi? Walikuwa maaskofu wa Kianglikana. David Gitari alihubiri hayo maneno kule Mlima Kenya Mashariki mpaka Aprili 1989 genge likavamia nyumba yake usiku. Henry Okullu wa Maseno Kusini vilevile hakunyamaza. Na Alexander Muge, huyo alikuwa Eldoret, si mbali na nyinyi, waziri Peter Okondo alimtishia hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai, Muge akaenda Busia, na tarehe 14 Agosti 1990 akiwa njiani kurudi akafa kwenye ajali ya barabarani iliyohusisha lori la maziwa. Mambo hayo mzee yeyote wa miaka sitini kwa hilo kanisa anayakumbuka, labda tu hapendi kuyaongelea.

Halafu kuna All Saints, kanisa kuu la Anglikana pale Nairobi. Mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa na polisi Uhuru Park, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walienda kujificha chini ya hilo kanisa, wakakaa huko karibu mwaka mzima wakidai watoto wao mpaka wengi wakaachiliwa. Mwaka 1997, siku ya maandamano ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, polisi wakaingia hadi ndani ya kanisa hilohilo wakapiga watu. Kwa hiyo mtu akikwambia kanisa la Anglikana halijihusishi na siasa, anaongelea kanisa lingine ambalo mimi silijui.

Tofauti iko hapa, na hii ndiyo ningependa uwaeleze vijana wako vizuri. Gitari na Muge walipoongea siasa, kanisa ndilo lilikuwa linaongea na mwenye nguvu anasikiliza, apende asipende. Siku hizi imegeuka, mwenye nguvu ndiye anaongea, kanisa linasikiliza na kupiga makofi, halafu linapewa bahasha. Zote ni siasa. Ila mimi naona hii ya pili ndiyo inaharibu kanisa.

Na haya mambo hayakuanza na serikali ya sasa, tusidanganyane. Harambee ilipewa heshima na Mzee Kenyatta mwaka 1963 kama wito wa kujenga nchi, na kweli shule nyingi tulizosomea zilijengwa hivyo, mama analeta kuku, mwingine analeta debe la mahindi. Ikafika enzi za Moi ikawa mashindano ya waheshimiwa, nani ametoa noti nyingi, na chifu anapita nyumba kwa nyumba kulazimisha watu. Mwaka 2003 ikapitishwa sheria ya maadili ya maafisa wa umma iliyojaribu kuweka breki, afisa asitumie cheo chake kukusanya michango. Breki zenyewe unajua zilishika aje. Michango hupanda kila uchaguzi ukikaribia, na Agosti 2027 sote tunaiona inakuja, kwa hiyo usishangae mbona mheshimiwa ambaye hamjawahi kumwona kwa ibada ya saa moja asubuhi ghafla amekumbuka kwamba hamna kiboodi.

Sasa ya 2024. Nadhani vijana wako waliyaishi kwa hivyo sitarudia yote. Muswada wa Fedha, maandamano ya Juni, tarehe 25 watu wakaingia Bunge, kesho yake Rais William Ruto akakataa kutia sahihi. Kwa miezi ile watu wasiopungua 60 waliuawa kwa hesabu ya tume ya haki za binadamu, wengi wao vijana, wengine bila shaka walikuwa wanaimba kwaya mahali fulani. Katikati ya hayo ndipo ikasambaa mitandaoni ile alama ya #OccupyChurch, vijana waende kuyakalia makanisa yanayowapa wanasiasa jukwaa, na hasira yenyewe nilielewa ilitoka wapi: mtoto anaona mbunge aliyepiga kura ya ndiyo bungeni, Jumapili amesimama mbele ya madhabahu anatoa laki tatu, na mchungaji anasema tumshukuru Mungu kwa kiongozi mcha Mungu. Ukiwa na miaka 21 na huna kazi hiyo picha haitoki kwa kichwa.

Serikali ikasikia, au ikajifanya kusikia. Tarehe 5 Julai 2024 Rais mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali na wa umma wasishiriki tena harambee, akamwagiza Mwanasheria Mkuu aandae sheria. Vizuri. Lakini ikifika tarehe 17 Novemba mwaka huohuo, miezi minne tu, yuko Kayole kwa kanisa Katoliki la Soweto, anatoa shilingi 600,000 za kwaya na baraza la parokia, milioni 2 za nyumba ya mapadri, anaahidi milioni 3 zingine na basi. Siku tatu kabla ya hapo maaskofu Wakatoliki walikuwa wametoa taarifa kali kuhusu uongo wa serikali. Kwa hiyo watu wote wakageuza macho kwa Askofu Mkuu Philip Anyolo, atafanya nini. Akarudisha. Kesho yake, kwa barua, zile 600,000 na zile milioni 2 pamoja na 200,000 za gavana wa Nairobi zote zirudi kwa wenyewe, na zile ahadi zikakataliwa. Alisema kanisa lisitumiwe kama jukwaa la siasa, na akataja pia huo muswada wa michango uliokuwa unakuja.

Nakwambia hiyo siku nilikaa chini. Si kwa sababu ya pesa, milioni mbili na ushee kwa kanisa kubwa kama Katoliki si kitu. Ni kwa sababu askofu alifanya ile hesabu ambayo wengi wetu hatutaki kuifanya: hii pesa inanunua nini hasa?

Linganisha na Roysambu, huko Nairobi. Tarehe 2 Machi 2025 Rais akatangaza milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry. Mshahara wa rais kwa mwezi ni takriban milioni moja na nusu hivi, kwa hiyo hiyo sadaka moja ni mshahara wa mwaka mzima na bado, bila kula, bila kulipa kodi, bila chochote. Watu wakauliza imetoka wapi na sijasikia jibu lililonitosheleza. Jumapili iliyofuata vijana wakaamua kwenda kulikalia hilo kanisa, polisi wakaja na vitoa machozi, matairi yakachomwa barabarani, washirika wenyewe ndani wanaomba huku macho yanawasha. Mwezi huohuo milioni 20 zingine zikaahidiwa kanisa la AIC Eldoret, yaani kama kuonyesha watu kwamba hatutishiki. Na Julai yake ikaja ile habari ya kanisa ndani ya Ikulu, mwenyewe akasema anajenga kwa pesa zake na shetani akasirike kama anataka. Katiba kifungu cha 8 ina sentensi fupi kabisa, hakutakuwa na dini ya taifa, lakini hiyo tuiache siku nyingine.

Turudi kwenu. Wewe uko na silaha moja ambayo wale wa Roysambu hawakuwa nayo, na nashangaa hakuna mtu amewaambia. Kanisa lako tayari liko na msimamo juu ya hili. Septemba 2021 kule Butere, siku Rose Okeno anawekwa wakfu kuwa askofu, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini, wakubwa wa siasa wamejaa pale mbele, Raila akiwemo, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisimama akawaambia kwamba mnakaribishwa kuabudu lakini hapa hamtahutubia. Na hawakuhutubia. Kwa hiyo katika barua yako usiandike kama mwanaharakati anayeleta kitu kipya, andika kama Mwanglikana anayeuliza mbona parokia yetu imevuka maneno ya Askofu Mkuu. Hayo ni maneno ambayo kasisi hawezi kuyaita utoto wa mitandaoni.

Sasa hao vijana wako wa vikundi vitatu.

Wa pesa ni pesa usiwadharau. Mimi nawaelewa kuliko unavyofikiri. Kuna makanisa nimeona mvua ikinyesha ibada inahamia upande mmoja, kuna kasisi anayelipwa mshahara wa miezi mitatu kwa mkupuo manake parokia haijafikisha mgao wake, na mtu wa Nairobi anaandika kwa X kataeni pesa chafu, si ameshiba. Wakisema kiboodi haina chama wako sawa nusu. Kiboodi haina chama lakini hotuba iko nacho. Wape hili jaribio: mwambieni mheshimiwa, tunashukuru sana, nambari ya Paybill ya kanisa, ile ya kulipia kwa simu, ni hii, risiti utapewa na mhazini, jina lako halitatangazwa na hautaongea. Akituma, basi ni sadaka, mbarikiwe, nunueni kiboodi. Asipotuma, mmejua mlikuwa mnauza nini. Hapo hata yule kijana mgumu wa pesa ni pesa ataona mwenyewe, huna haja ya kubishana naye. Na kama anataka Maandiko, Mathayo 6 mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na Yakobo 2 kuhusu yule tajiri mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri huku maskini anaambiwa simama kule. Hiyo ya Yakobo someni kwa fellowship Jumamosi kabla ya mkutano, msitoe maoni yoyote, someni tu.

Wa kelele. Hasira yao ni halali, nasema hivyo bila kuzungukazunguka, kuna watu wamezika marafiki. Lakini mambo mawili. Kwanza ni sheria, kuvuruga kwa makusudi ibada inayoendelea ni kosa la jinai Kenya, na mheshimiwa hachelewi kupiga simu kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kijana wa kwaya analala ndani Jumapili kwa sababu ya sentensi mbili. Ya pili naiona kubwa zaidi. Ukipiga kelele ndani ya ibada, wa kwanza kuumia si mbunge. Mbunge amezoea kuzomewa, ngozi yake ni ngumu, tena wengine wanafurahia manake jioni wanasema kwa runinga kwamba wamevamiwa na wahuni wakiwa wanamwabudu Mungu. Anayeumia ni yule mama wa Mothers' Union aliyeamka saa kumi kupika chapati za wageni, huyo mama pengine hata yeye hampendi mbunge, lakini siku hiyo atawachukia nyinyi, na mkutano mkuu wa kanisa ukifika mkihitaji kura yake hamtaipata. Mnamhitaji sana huyo mama. Vijana wengi wanasahau kwamba kina mama ndio wengi kwa kanisa na ndio wanaotoa sadaka nyingi, mkiwa nao upande wenu kasisi hana pa kwenda.

Wakitaka kabisa kuandamana, basi iwe nje ya lango, kwa amani, kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa hiyo haki, na polisi wapewe notisi siku tatu kabla. Ila msianze na hiyo. Hiyo ni ya mwisho.

Wa kutoka nje kimyakimya ndio wako karibu na mimi. Kutoka bila kelele mheshimiwa anaposhika maiki si kuvuruga ibada, ni mtu ametoka. Inauma kuliko kelele, manake kamera ya mheshimiwa inarekodi viti vitupu vya kwaya. Lakini ikifanywa bila mazungumzo ya kwanza inaonekana kiburi, kwa hiyo ibakie akiba, na waambieni wazee mapema kabisa kwamba ndivyo itakavyokuwa. Kasisi akijua kwamba Jumapili hiyo maiki ikienda kwa mbunge vijana arobaini watasimama watoke, si tisho, ni taarifa, na ana wiki nzima ya kufikiria.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Iende kwa kasisi na nakala kwa mwenyekiti wa baraza la kanisa. Anza kwa kushukuru kwa harambee, kiboodi mnaitaka kweli. Uliza ni kikao gani kiliamua kumwalika mgeni wa heshima na kama imeandikwa kwenye kumbukumbu, hilo swali pekee linaweza kumaliza mambo manake mara nyingi hakuna kikao, kuna simu moja tu ya mzee mmoja mwenye shamba karibu na la mheshimiwa. Taja msimamo wa Butere. Halafu ombeni: mheshimiwa akaribishwe kama muumini, akae popote penye nafasi, asipewe maiki wala dakika tano za salamu, hizo dakika tano tunazijua. Michango yote ipitie akaunti au Paybill na ipewe risiti. Kiasi cha mtu mmoja mmoja kisitangazwe, cha mbunge wala cha mama mboga, itangazwe jumla tu. Na hakuna bahasha kwa mtu binafsi, si kasisi, si kiongozi wa kwaya, si vijana. Hiyo ya vijana iandike waziwazi. Mheshimiwa ana tabia ya kutoka nje baada ya ibada na kuita mwenyekiti wa vijana pembeni, hii ni ya soda, na hiyo ya soda ndiyo hurudi kuwasumbua, msiipokee na mkishapokea zamani za tisheti za tonamenti semeni mmeacha. Akianza kuongelea basari waambie vijana wako kwamba hiyo ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, ni kodi yenu wenyewe imezunguka ikarudi, haihitaji kupigiwa makofi.

Jambo lingine, pelekeni kitu mkononi. Msiende tu na kukataa. Kaeni na mhazini wenu mjue kiboodi ni pesa ngapi dukani, si ile bei ya kukadiria, muone vijana wenyewe mnaweza kuchanga kiasi gani kwa miezi mitatu, hata kama ni robo. Baraza likisikia vijana wameshika robo tayari, mazungumzo yanabadilika kabisa, na wale wazee wanaosema tusipomwalika mbunge tutatoa wapi wanakosa la kusema.

Inawezekana mkakataliwa. Kasisi anaweza kuwa ameshaahidi na anaogopa aibu, naye ni binadamu, na kuna presha zinatoka juu ambazo huzioni. Ikiwa hivyo ombeni angalau hilo moja la maiki na muache mengine. Likikataliwa pia, andikeni kwa askofu wa dayosisi, kwa heshima, na Jumapili tokeni kimya kama mlivyosema, mrudi ndani akimaliza, muendelee na ibada, muimbe vizuri kuliko siku zote. Msirekodi wala kupost. Najua hilo ni gumu kwa kizazi chenu lakini video ikishatoka si ya kwenu tena, wenye vyama vyao wataichukua wapeleke wanapotaka, na upande wa upinzani wako tayari kuwatumia kama upande wa serikali tu. Hao wa upinzani nao wakija na bahasha yao mwezi ujao, barua ni ileile, mbadilishe tarehe.

Kuhusu jina lako, hapana, usitie sahihi peke yako. Wewe kama katibu andika, lakini itiwe sahihi na mwenyekiti, wewe na mhazini, na kabla ya hapo iitisheni mkutano wa vijana, isomwe yote kwa sauti, watu wapige kura kwa mkono na uandike idadi, wangapi ndiyo, wangapi hapana. Walioshindwa nao waandikwe kwamba walikuwepo. Peleka nakala mbili ofisini, moja wabaki nayo, nyingine wakupigie muhuri na tarehe urudi nayo nyumbani.